Nilivyotengeneza Wimbo Ambao Haukuwa Umeharibika

Nyinyi wa Form One na Form Two, kaeni chini, mstaafu anaongea. Mcheke mmalize. Najua mnajiuliza mtu wa Form Three anastaafu nini, na hata ndevu zake bado ziko mkutanoni zikiamua kama zitakuja. Lakini nimestaafu. Nilifanya kazi ya mziki kila likizo tangu nikiwa shule ya msingi, na Agosti hii nimeacha, na sababu ya kuacha mnaijua nusu. Ndiyo maana nikipita kwenye foleni ya githeri mmoja wenu lazima aseme kwa ile sauti ya puani: "Waya imeguza, wazee, waya imeguza."

Leo nawapa ile nusu nyingine. Mkimaliza kusoma mtacheka zaidi, lakini angalau mtakuwa mnacheka kitu mnachokijua.

Kwanza, kazi yenyewe. Mtu wa mziki haimbi. Kwetu mziki ni vyombo: spika, mixa, maiki, nyaya na jenereta. Mwenye vyombo ni senge, yaani dadake baba. Anaishi Busia mjini na anakodisha mziki kwa harusi, matanga, harambee na mikutano ya kanisa, kuanzia Port Victoria mpaka Malaba. Vyombo vyote vinaenda kwa pikapu yake nyeupe, na mimi nilikuwa nakaa nyuma nikishikilia spika zisianguke. Spika ikianguka, senge angeiokota kwanza kabla yangu.

Senge alinifunza kila kitu. Usizungushe waya kwenye kiwiko, unaivunja ndani na hutajua mpaka siku ya harusi. Usipulize maiki, si uji. Usichomeke mixa kwa extension moja na friji ya mama wa soda. Jenereta weka mbali, upepo ukipeleka moshi nyuma ya nyumba. Na zaidi ya yote alikuwa akisema, "Mtu wa mziki akionekana, kuna kitu kimeharibika. Kazi yako ni watu waende nyumbani wasikukumbuke."

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishinda. Mimi napenda kukumbukwa.

Kosa lilianzia Adungosi. Tulikuwa kwa harusi, pasta yuko katikati ya maombi, sauti ikaanza kukwaruza halafu ikakatika. Nikafuata waya mbio nikampata mbuzi anatafuna. Nikamfukuza, nikaunga waya, nikafunga kwa tepu, na pasta akarudi hewani kabla hajafika amina. Watu wakanipigia makofi. Mzee mmoja alisema, "Huyu kijana anasikia ugonjwa wa spika kama daktari." Kuanzia siku hiyo kichwa kilivimba. Nilikuwa natega masikio kila mahali nikitafuta mkwaruzo wa kuponya. Kule Sigalame, mjomba wa bibi harusi alisahau maiki wazi, akalalamika mpaka kijiji cha pili kikajua ni nani amekula maini. Nikaizima nikiwa nimesimama juu ya kiti, ndio wote wanione. Senge aliniangalia tu.

Kwa hiyo mkitaka kujua nilikuwa nani mwaka huu, nilikuwa kijana aliyefunzwa kuchukia kelele na aliyependa kupigiwa makofi. Sasa mleteni Amoit.

Amoit ni binti wa Mzee Omuse wa Malaba. Mzee Omuse alikuwa na gereji ya trela karibu na njia ya reli. Lori likigonga lingine kwenye ile foleni ya mpakani, lilipelekwa kwake likiwa limekunjamana, na yeye akalinyoosha kwa nyundo. Miaka yote hiyo nyundo. Mwaka huu alisema mkono umechoka, akamwachia mpwa wake gereji, na familia ikapanga sherehe ya kumshukuru. Amoit ndiye alikuja Busia kukodisha mziki.

"Nitacheza nyimbo zangu mbili," alimwambia senge. "Nimetengeneza mwenyewe. Papa hajawahi kuskia kitu chochote nimefanya."

Senge aliuliza kama ni gospo.

"Hapana senge. Moja ni post-punk. Ingine ni industrial."

Senge alinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye kijana na mambo ya vijana yalikuwa idara yangu. Nikatingisha kichwa kama daktari. "Najua. Tutaweka sawa."

Wadogo zangu, sikujua. Mimi ni mtoto wa mpakani. Kwangu post ni moja tu, ile unapigiwa muhuri uingie Uganda. Na panki ni ile nywele ya kusimama katikati kama jogoo, ambayo mwalimu wa zamu aliwahi kuninyolea kwa makasi ya ofisi. Nikaunganisha hayo mawili, nikapata kwamba post-punk ni nyimbo za vijana wa panki wanaofanya kazi kwa border post. Makanga, mabroka, wale wa kubadilisha pesa. Na industrial nikafikiri ni ya Industrial Area kule Nairobi, penye jela, yaani nyimbo za watu waliofungwa. Na sikubaki nayo moyoni, hapana. Jioni hiyo niliwaelezea vijana wa plot yetu kwa saa nzima. Kuna wawili kati yenu mlikuwa pale na mliandika. Futeni.

Wakati senge ameingia ndani kutafuta risiti, Amoit aliniambia kile ambacho sherehe hiyo ilikuwa imebeba. Alikuwa anasomea mambo ya sauti Kampala, na babake hakuelewa sauti inasomewaje. Alikuwa amemtafutia nafasi kwa ofisi ya clearing hapo Malaba, ya kupitisha makaratasi ya mizigo, aanze Jumatatu baada ya sherehe.

"Nikimwambia kwa mdomo tunagombana," Amoit alisema. "Ndio nataka askie. Akiskia na aseme hapana, sawa, nitavaa skati nyeusi niende ofisi. Lakini lazima askie vizuri. Umenipata, boss?"

"Niachie mimi," nikasema.

Aliniachia mimi.

Siku ya sherehe ilikuwa Jumamosi. Hema mbili, pilau, soda, na nyuma ya nyumba wazee wa Kiteso wamezunguka chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi, wakivuta kwa mirija mirefu. Mzee Omuse alikaa mbele na suti ambayo mabega yake yalikuwa yanaikataa. Hotuba zikaisha. Amoit akaja mezani kwangu na laptopu, akachomeka kwa mixa, akaweka pia simu yake pembeni irekodi sherehe yote. Akachukua maiki, akasema kwa Kiswahili na kwa Kiteso kwamba ana zawadi kwa papa. Maiki aliishika kwa mikono miwili, kama itaanguka. Niliona, na bado nikafanya nilichofanya.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Besi ikaingia mbele kabisa, inatembea kama ndiyo mwimbaji. Gita liko nyuma, jembamba, baridi, kama mtu anakwaruza seng'enge. Ngoma kavu. Amoit mwenyewe anaimba kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mimi nikasikia ugonjwa. Nikasema besi imemeza gita, na huyu msichana sauti yake haina maji. Nikashusha besi, nikapandisha gita, nikamwekea sauti mwangwi wa kwaya. Ukawa kama wimbo wa tangazo la sabuni. Watu wakapiga makofi madogo, yale ya kumshukuru mtoto kwa kukariri shairi. Amoit aliniangalia. Nikamwonyesha kidole gumba.

Wimbo wa pili ndio ule.

Ulianza na mngurumo, kama lori limewashwa mbali. Juu yake, vyuma. Ka-ka, kimya, ting. Ka-ka, kimya, ting. Halafu kitu kinachokwaruza kama waya imelegea, na sauti ya mtu iliyopondwa mpaka haisikiki ni mtu. Hii ndiyo ile ya Adungosi, nikajiambia, mbuzi amerudi. Nikasimamisha wimbo.

"Poleni, wazee," nikasema kwa maiki. "Waya imeguza."

Nikafuata nyaya zote. Hakuna mbuzi. Amoit akaja mbio akininong'oneza, "Iko sawa. Ndio inavyokuwa. Cheza."

"Dada, hiyo spika italipuka."

"Cheza tu!"

Nikacheza. Ka-ka, ting, kkkrrr. Nikasimamisha tena. "Waya imeguza, wazee, tuvumiliane." Nikapiga spika ubavuni kwa kiganja. Watoto wakaanza kucheka. Mara ya tatu sikusimamisha, nilifanya vibaya zaidi: nilikata sauti zote za juu. Vyuma vikapotea. Ukabaki mngurumo tu, kama tumbo la mtu aliyekosa lunch. Watu wote walikuwa wananitazama sasa, wote, na mimi mnanijua. Nikashika maiki.

"Wazee, tumepata shida iko wapi. Kuna trela imekwama ndani ya spika. Mzee Omuse, si utoke kwa retire kidogo utuondolee?"

Hema zote mbili zikalipuka. Wazee wa ajono waliacha mirija. Na aliyecheka kuliko wote ni Mzee Omuse mwenyewe, akijipiga mapaja na suti ikimwachilia kifungo kimoja.

Nilimtafuta Amoit kwa macho nipokee sifa zangu. Alikuwa anamtazama babake akicheka. Alimtazama kwa muda, kisha akaja polepole mezani, akachomoa laptopu, akaifunga, akasema, "Asante, boss." Hakuna mtu amewahi kunitukana vile.

Tukipakia vyombo, senge alifunga spika kwa kamba, akanikalisha mbele. Aliendesha mpaka tukafika karibu na nyumbani ndipo akaniuliza, "Kulikuwa na waya imeguza?"

"Hapana senge."

"Nilikuwa nimesimama kwa spika. Nilijua hakuna." Akapunguza gia. "Yule mtoto alikuwa analia jikoni. Nilidhani ni moshi."

Nimewahi kuchapwa, wadogo zangu, na watu wenye ujuzi. Hakuna aliyefika pale.

Kesho yake baada ya misa nilichukua boda mpaka Malaba. Nilisema nimefuata extension tuliyosahau. Hatukuwa tumesahau extension. Nilimkuta Amoit nyuma ya nyumba anasugua masufuria ya pilau kwa majivu.

"Post-punk imekuja," akasema bila kuinua kichwa. "Ya border ama ya nywele?"

Kumbe habari ya hotuba yangu ilikuwa imeshafika Malaba. Nilitaka jivu lile linifunike. Nikachukua waya ya chuma nikaanza kusugua sufuria la pili, kwa sababu mikono ikiwa na kazi aibu inapata pa kukaa. Tulisugua. Baadaye nikamwomba anieleze ni nini nilichokiharibu.

Alinieleza, na sasa nawaeleza, mtoe zile noti za uongo muandike hizi. Post si mpaka. Ni baada. Panki ilikuwa mziki wa vijana wa Uingereza wenye hasira, nyimbo fupi za mbio, na iliwaambia watu jambo moja kubwa: si lazima ujue kucheza vizuri ndio uanze. Wengine walipochoka na mbio wakapunguza mwendo. Wakaipa besi kiti cha mbele, wakalifanya gita jembamba, wakaimba mambo mazito kwa uso mkavu. Hiyo ndiyo post-punk. Wengine, miaka hiyohiyo na mara nyingine mtaa huohuo, wakaacha hata gita. Wakachukua mashine, vyuma, tepu zilizokatwa na kuungwa, sauti za watu zilizopondwa. Hiyo ndiyo industrial.

"Ni watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali," Amoit alisema. "Wa post-punk anakuimbia vile mji unamfanya ajiskie. Wa industrial anakuletea mji wenyewe mpaka kwa sebule."

"Na baba ni nani?"

"Mababa ni wengi. Panki mwenyewe. Kuna Wajerumani walikuwa wanacheza ngoma moja bila kubadilisha, kama injini. Na Jamaika."

Hapo niliinua kichwa. Jamaika naijua. Reggae ya Ijumaa hapa Busia nimebeba spika zake kwa mgongo.

"Wale mafundi wao wa dub," akasema. "Walikuwa wanachukua wimbo umemalizika, wanaondoa mwimbaji, wanaacha besi na mwangwi. Fundi wa mixa ndiye alikuwa msanii. Mtu kama wewe. Tofauti ni wao walikuwa wanaskia kwanza."

Nikasugua sufuria mpaka nikaona uso wangu ndani yake, na sikuupenda.

"Na zile vyuma?" nikauliza. "Ka-ka, ting?"

Aliacha kusugua. "Hiyo ni papa. Nilimrekodi Aprili akinyoosha mlango wa trela. Hakujua." Akamwaga maji machafu. "Na jana alijicheka. Kesho naanza ofisi."

Nilimwomba laptopu na zile headphone zake kubwa. Alikataa, halafu akasema nikiharibu tena ananitumbukiza kwa sufuria, halafu akanipa. Mzee Omuse alikuwa amekaa barazani, fulana na kaptura, anakunywa chai.

"Yoga, mzee," nikamsalimia kwa kile Kiteso changu kimoja.

"Aah! Fundi wa trela ndani ya spika!" Akaanza kucheka upya. "Wewe utakufa vibaya."

"Mzee, jana hakukuwa na waya imeguza. Nilikosea. Wimbo ulikuwa mzima, ni mimi nilikuwa nimeharibika. Naomba uskize, nami nisiguse kitu."

Akanitazama kama anapima mlango uliokunjamana. Nikamvika headphone, nikabonyeza, nikaweka mikono nyuma kama niko parade.

Mwanzo alikunja uso. Mngurumo huo. Kisha nikaona kidole chake kimoja kwenye kikombe. Ka-ka, kidole kikagonga. Kimya. Ting. Kidole kikagonga kabla ya ting kufika, mnaelewa? Alijua inakuja. Akaweka kikombe chini. Wimbo ulipoisha hakuvua headphone, kwa hiyo alipoongea aliongea kwa kupaza, mpaka Amoit akatokea mlangoni na mikono ya majivu.

"Hii ting ni reli yangu! Ile kipande ya reli naweka chini ya nyundo! Fundi wengine wakifikiria wananyamaza. Mimi nikifikiria nagonga reli!" Akamwona Amoit. Akavua headphone polepole. "Hapa nilikuwa nafikiria nini?"

"Bawaba, papa. Ulisema bawaba imepinda."

"Ilikuwa imepinda." Kwa sauti ya kawaida akasema, "Sasa jana nilicheka nani?"

Mimi nilikuwa najua jibu na nilikuwa nimesimama mbele yake nalo.

Aliingia ndani. Tukasikia anaongea kwa simu na yule mtu wa ofisi ya clearing. "Huyo msichana hatakuja Jumatatu. Eeh. Hapana, si mgonjwa. Ni mimi sikuwa nimeskia vizuri."

Amoit alivuka kwenda Uganda siku ya Jumanne. Alinipita pale mpakani nikiwa nimemshikia begi, akachukua begi, akasema, "Sijakusamehe. Nitakutumia kitu."

Hapo ndipo inaingia ile nusu yenu. Mnakumbuka simu yake ilikuwa inarekodi sherehe. Na mnakumbuka watu wa industrial hukata sauti za watu na kuziunga tena na tena, na wa post-punk wanataka besi iende mbele. Wimbo aliotuma una vyote viwili, baba mmoja mama mbalimbali kwa nyumba moja. Besi inatembea. Mwangwi wa Jamaika. Nyundo ya mzee, ka-ka, ting. Na juu yake, puani, mara hamsini bila huruma, mjinga mmoja aliyejiamini: "Waya imeguza, wazee, waya imeguza." Ulifika Malaba, ukafika Busia kwa boda zote, na mlipofungua shule ulikuwa umewatangulia bwenini.

Senge aliusikiliza wote mara moja. Alisema, "Sasa ni nani ataenda nyumbani bila kukukumbuka?" Nikamrudishia funguo za stoo ya vyombo, nikastaafu.

Wiki iliyopita, nilipotumwa nyumbani kutafuta karo, nilipita Malaba. Mzee Omuse amerudi gereji, anasema amekuja kumsaidia mpwa, lakini mpwa ndiye alikuwa amekaa. Redio yao ilikuwa inacheza huo wimbo. Nilitaka kupita upande wa pili wa barabara, lakini aliniona. Aliinua nyundo akangoja, akangoja, mpaka sauti yangu ikafika pale kwa waya, ndipo akagonga reli.

Ting.